Barua ya Wazi kwa Kaunti ya Machakos: Mti wa Mkulima Upimwe Kabla ya Kuuzwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Machakos, Kamati Kuu ya Kaunti, na Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti.

Nakala: Mhifadhi wa Misitu wa Kaunti, Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS).

MINTARAFU: UUZAJI WA MITI NA MBAO KUTOKA ARDHI ZA WATU BINAFSI

Kwa heshima zote, barua hii inaletwa mbele ya Serikali ya Kaunti ya Machakos kuhusu biashara ambayo imeenea kutoka Kathiani hadi Masinga, nayo ni uuzaji wa miti iliyopandwa au kutunzwa na mwenye shamba katika ardhi yake mwenyewe. Katika biashara hiyo mti uliosimama huuzwa mara nyingi kwa makadirio ya macho, na macho yanayotegemewa ni ya mnunuzi. Mkulima aliyeutunza mti huo kwa zaidi ya miaka kumi hutajiwa bei akiwa hana kipimo chochote cha kuilinganisha nayo, kisha hupokea fedha zake, na anayefahamu kwa hakika kilichouzwa ni yule aliyeupasua. Hasara hiyo haiishii mfukoni mwa mkulima mmoja, kwa sababu bei inayopatikana langoni pa shamba ndiyo inayoamua ni mti gani utakaopandwa tena, utaachwa kwa miaka mingapi, na kama utafikia kuwa mbao au utaishia katika tanuri la matofali na gunia la makaa.

Suala hili lina uzito wa pekee Machakos kwa sababu ya historia ya ardhi yenyewe. Katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ya kikoloni waliitaja Machakos kama mfano wa kutisha wa ardhi iliyoharibika, yenye vilima vilivyobaki vipara na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, na dawa waliyoipendekeza kwanza ilikuwa kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu. Amri hiyo ndiyo iliyozua maandamano ya Wakamba kwenda Nairobi mwaka 1938 chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, ambaye baadaye alihamishiwa Lamu. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba wakazi wa wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya leo, waliongezeka kutoka takriban watu 240,000 mwaka 1932 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1989, na hata hivyo ardhi ile ile ilikuwa na matuta mengi zaidi, mmomonyoko mdogo zaidi, na miti mingi zaidi mashambani. Picha zilizopigwa mwaka 1937 zilipolinganishwa na picha za mahali pale pale za mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilima vilivyokuwa vitupu vilionekana vimevaa matuta ya fanya juu, yaani yale yanayojengwa kwa kuchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko, huku miti ikiwa imepangwa mipakani na kuzunguka maboma. Uchunguzi huo ulieleza mabadiliko hayo kwa kutaja umiliki wa ardhi, kazi ya vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, na masoko yaliyomfanya mkulima aone faida ya kuwekeza katika shamba lake, na haukuona kwamba marufuku peke yake yangeweza kuleta matokeo kama hayo.

Baada ya historia hiyo ni lazima kueleza hali ya kisheria, kwa kuwa wengi huzungumza juu ya msitu wa mtu binafsi bila kufahamu sheria inamaanisha nini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu, Nambari 34 ya mwaka 2016, inagawa misitu katika makundi matatu: misitu ya umma, misitu ya jamii na misitu ya binafsi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, msitu ni uoto wa miti iliyokaribiana katika eneo linalozidi nusu hekta, yaani karibu ekari moja na robo, ambapo vilele vya miti hufunika zaidi ya asilimia 15 ya ardhi, na miti yenyewe ina uwezo wa kukua kupita mita 2. Mwenye msitu wa binafsi anaweza kuusajili kwa KFS, na usajili huo humpa nafasi ya kupata ushauri wa kitaalamu, kuomba mkopo kutoka mfuko wa uhifadhi wa misitu, na kuomba apunguziwe au asamehewe kodi ya ardhi. Manufaa hayo ni mazuri kwenye karatasi. Lakini mkulima wa kawaida wa Mwala au Kangundo hana nusu hekta ya miti iliyosongamana. Ana migrivilea ishirini kwenye mpaka, mikaratusi michache bondeni, mwarobaini mmoja uani, na mikau iliyoachwa katikati ya mtama. Kwa tafsiri ya sheria huyo hana msitu, kwa hiyo manufaa ya usajili hayamfikii, ilhali siku anapotaka kuuza miti hiyo anakutana na masharti yale yale ya mazao ya misitu. Huu ni upungufu ambao serikali ya kitaifa pekee ndiyo inayoweza kuurekebisha kwa sheria, ingawa kaunti inaweza kuupunguzia makali, kama itakavyoonyeshwa.

Namna mauzo yanavyofanyika yastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ubishi wote umefichwa humo. Uchukuliwe mgrivilea mmoja, mti ulioletwa Afrika Mashariki kutoka Australia ukatumika kwanza kama kivuli cha mashamba ya kahawa na chai, na ambao leo umeenea katika maeneo ya kahawa ya Kangundo na Matungulu. Wataalamu wa misitu hupima unene wa mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kipimo hicho hakihitaji zaidi ya futikamba ya fundi cherehani. Iwapo mzingo wa mti hapo ni sentimita 94, kipenyo chake ni takriban sentimita 30, kwa kuwa mzingo hugawanywa kwa 3.14. Kipenyo hicho kinatoa eneo la mkato la mita ya mraba 0.07. Mti ukiwa na urefu wa mita 15, eneo hilo huzidishwa kwa urefu, kisha kwa kigezo cha umbo, ambacho ni nambari inayokubali kwamba mti huchongoka kadiri unavyokwenda juu na ambacho kwa makadirio ya kawaida huwa kati ya 0.4 na 0.5. Jibu ni kama mita ya ujazo 0.47, yaani karibu nusu mita ya ujazo ya gogo.

Ujazo huo ukigeuzwa kuwa futi za mbao, ambapo futi moja ni ubao wenye upana wa inchi 12, urefu wa inchi 12 na unene wa inchi 1, unatoa takriban futi 200. Hazitatoka zote. Msumeno wa injini wa mkononi, ambao mafundi huuita pawa, hula sehemu kubwa ya gogo kwa upana wa mkato wake na kwa mikato isiyonyooka, na ikichukuliwa kwamba asilimia 30 tu ya gogo ndiyo inayogeuka mbao, mti huo utampa mnunuzi futi 60, ambazo ni sawa na futi 120 za urefu za mbao za inchi sita kwa moja. Gogo lile lile likipasuliwa kwenye mashine ya meza iliyofungwa vizuri na kufikia asilimia 50, zitapatikana futi 200 za urefu za mbao hizo hizo. Tofauti ya futi 80 katika mti mmoja imebaki chini kama mabanzi na unga. Mkulima aliyeuza kwa bei ya jumla hajui kuwa tofauti hiyo ipo, na mnunuzi, akijua kwamba fundi wake atapoteza sehemu hiyo, huikata mapema kutoka katika bei anayoitoa.

Hesabu hiyo inafunua jambo la pili, ambalo pengine ni zito kuliko la kwanza. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la mkato la sentimita za mraba 314, na ule wa sentimita 30 una sentimita za mraba 707. Kwa jicho la mpita njia mti wa pili umenenepa kwa nusu tu, lakini kwa kipimo umezidi mara mbili na robo, kabla hata ya kuongeza urefu ulioupata ulipokuwa ukinenepa na ubora wa mbao zenye kiini kilichokomaa. Makadirio ya macho humlipa mkulima kwa kile kinachoonekana, na kinachoonekana ni kwamba mti mwembamba na mti mnene haitofautiani sana, kwa hiyo anayesubiri miaka mitano zaidi hulipwa nyongeza ndogo isiyolingana na kusubiri kwake. Kwa maneno mengine, kuuza kwa macho kunamwadhibu mwenye subira. Miti inauzwa michanga Januari wakati wa karo, na inauzwa michanga zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba zinapokosekana, na wataalamu wanapofika kumlaumu mkulima kwa kutojua umri wa kuvuna, husahau kwamba soko halijawahi kumwonyesha sababu ya kungoja. Hata mahindi katika soko la Masii hupimwa kwa gorogoro, na mwuzaji na mnunuzi wote huliona gorogoro hilo likijaa. Ni ajabu kwamba zao linalochukua miaka kumi na mitano kukomaa ndilo linalouzwa bila chombo.

Haitakuwa haki kuwatwika madalali lawama yote. Dalali huzunguka mashamba kumi au kumi na tano ili ajaze lori moja, hukodi pawa na wabebaji, hukutana na magogo yenye uvungu ambayo yalionekana mazima yaliposimama, na hulipa ada njiani. Miti iliyo mbali na barabara hugharimu zaidi kuitoa, na iliyopinda hutoa mbao fupi. Mambo hayo yote ni sababu halali za kushusha bei, ila yakiwekwa wazi yanaweza kuzungumzwa, na yakifichwa katika bei moja ya jumla yanageuka kuwa kisingizio cha kumlipa mkulima chochote kile.

Taratibu za vibali nazo zinaongeza mzigo. Mazao ya misitu yanayosafirishwa barabarani, hata yakitoka shamba la mtu binafsi, huhitaji kibali cha kusafirishia kinachotolewa na KFS baada ya afisa kuthibitisha asili ya miti, na kwa desturi mkulima huanza kwa barua ya chifu. Uwezo wa chifu katika jambo hili ni wa zamani: Sheria ya Machifu, Sura ya 128, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, inamruhusu kutoa amri za kudhibiti ukataji wa miti na kuzuia uharibifu wake. Kibali kina sababu ya msingi ambayo haifai kubezwa, kwa maana bila hicho gogo lililoibwa katika msitu wa umma wa Iveti lingesafiri pamoja na gogo la mkulima bila kutofautishwa. Tatizo ni kwamba gharama ya nauli, siku zinazopotea, na wasiwasi kuhusu hati miliki ambayo mara nyingi bado imeandikwa jina la babu aliyefariki, humfanya mkulima mwenye miti mitatu amwachie mnunuzi shughuli zote za karatasi, na anayeshughulikia karatasi ndiye anayeshika bei. Pale ambapo kibali kinachelewa, msemo kwamba mkono mtupu haulambwi hupata nafasi yake, na gharama hiyo pia hurudi kwa mwenye shamba.

Miaka ya karibuni imeonyesha jinsi uamuzi unaofanywa mbali unavyoweza kutikisa soko hili. Tarehe 24 Februari 2018, Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza kusitishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo 90 ziliongezwa tena na tena hadi tarehe 2 Julai 2023, alipotangaza akiwa Rais kwamba marufuku imeondolewa, na suala hilo likafikishwa mahakamani na Chama cha Mawakili cha Kenya. Marufuku ililenga mashamba ya serikali ya misaipresi na misonobari, lakini wapasuaji mbao waliokuwa wakitegemea mashamba hayo walilazimika kutafuta magogo kwingine, na sehemu moja ya kwingine huko ilikuwa mashamba ya watu binafsi. Kwa zaidi ya miaka mitano mkulima wa Kenya alikuwa na bidhaa iliyokuwa adimu. Katika soko lenye vipimo na bei zilizotangazwa, uhaba wa aina hiyo ungempa mwuzaji nguvu. Katika soko la makadirio, uliongeza tu idadi ya wanunuzi wanaobisha hodi, nao walikuja na macho yale yale.

Katika yote hayo ipo hoja moja ambayo ni vigumu kuipuuza, nayo ni kwamba serikali yenyewe haiuzi miti yake kwa macho. KFS inapouza miti ya mashamba ya umma, hufanya kwanza hesabu ya miti iliyosimama, hupima sampuli, hukadiria ujazo, na kutoza kwa mita ya ujazo kulingana na aina ya mti na ukubwa wake. Maarifa yapo, watumishi waliofunzwa wapo, na majedwali ya ujazo yapo. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba mti wa raia unastahili kipimo kile kile unachopewa mti wa serikali. Nchini Finland, ambako sehemu kubwa ya misitu inamilikiwa na familia, ipo sheria mahsusi ya upimaji wa magogo ambayo humpa mwuzaji na mnunuzi kipimo kimoja kinachokubalika na pande zote mbili. Karibu zaidi na nyumbani, katika mikoa ya Iringa na Njombe nchini Tanzania, ambako maelfu ya familia zilipanda misonobari kwa ajili ya soko, uuzaji wa miti michanga kwa bei ya madalali ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyoshughulikiwa na Programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyoanza mwaka 2014 kwa ufadhili wa Finland na kuwakusanya wakulima katika vyama vya vijiji vyenye mafunzo ya kupima na kutunza miti.

Machakos ina sababu zaidi ya kuharakisha, kwa kuwa ina mti wake. Mukau, ambao kwa jina la kisayansi ni Melia volkensii, ni mti wa nyika za Afrika Mashariki unaostahimili ukame, unaotoa mbao nyekundu zinazofanana na mahogani na zisizoliwa ovyo na mchwa, na ambao majani yake hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Ukitunzwa unaweza kuvunwa katika muda wa miaka 10 hadi 15. Tabu yake kubwa ilikuwa mbegu: kokwa yake ni ngumu kama jiwe, huhitaji kupasuliwa kwa uangalifu na mbegu iliyo ndani kukatwa ncha kabla ya kuoteshwa, na mkulima asiyejua utaratibu huo hupoteza karibu mbegu zote. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), katika kituo chake cha Kitui na kwa ushirikiano wa muda mrefu na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA), imeshughulikia tatizo hilo na kuanzisha mashamba ya mbegu bora huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Miche bora imekaribia. Lakini mukau mzuri ukiuzwa kwa bei ya gogo la kuni, hakuna utafiti utakaomshawishi mtu wa Yatta kuupanda mara ya pili, na fedha zilizotumika katika maabara zitakuwa zimepotelea langoni pa shamba.

Soko la ndani pia lipo, na limekuwapo kwa karibu miaka mia moja. Huko Wamunyu, katika eneo la Mwala, uchongaji wa vinyago ulianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kutoka kwake ukaenea hadi Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wachongaji walitegemea mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa adimu katika misitu ya asili, kisha wengi wakageukia mwarobaini, jakaranda na mwembe, ambayo ni miti ya mashambani na mijini. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa kaunti, kwani mwarobaini uliozeeka, ambao dalali wa mbao hautaki kwa sababu umepinda, unaweza kuwa na thamani kwa mchongaji anayetafuta umbo lile lile lililopinda. Mkulima wa Masinga hana njia ya kulijua hilo, na mchongaji wa Wamunyu hana njia ya kujua mti huo uko wapi. Orodha ya miti inayouzwa, ikitunzwa katika ofisi ya wadi, ingewakutanisha bila gharama kubwa.

Huenda ikaulizwa iwapo kaunti ina mamlaka ya kushughulikia mambo haya, kwa kuwa misitu huonekana kuwa kazi ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linajibu. Serikali za kaunti zimekabidhiwa maendeleo na udhibiti wa biashara, ikiwemo kuhakikisha haki katika biashara; zimekabidhiwa vyama vya ushirika; na zimekabidhiwa utekelezaji wa sera za kitaifa za mazingira katika misitu, ambao umekuwa ukifasiriwa kuwa ni pamoja na huduma za ugani wa misitu ya mashambani, yaani kumpelekea mkulima ushauri wa kitaalamu shambani kwake. Mambo matatu yanayohitajika katika soko la miti, ambayo ni kipimo cha haki, umoja wa wauzaji na ushauri, yote yako mikononi mwa kaunti.

Kwa hiyo Serikali ya Kaunti inaombwa, kwanza kabisa, kuanzisha upimaji wa miti ya mashambani katika kila wadi. Kinachohitajika ni afisa wa ugani au kijana aliyefunzwa kwa siku chache, futikamba, kifaa rahisi cha kupimia urefu, na jedwali la ujazo lililoandikwa kwa Kiswahili na Kikamba. Matokeo yaandikwe katika hati moja ya mauzo inayotaja aina ya kila mti, mzingo, urefu, ujazo na bei iliyokubaliwa, na kutiwa sahihi na mwuzaji, mnunuzi na shahidi. Kaunti ikikubaliana na KFS kwamba hati hiyo ndiyo itakayotumika kama uthibitisho wa asili ya miti wakati wa kutoa kibali cha kusafirisha, ziara mbili zitakuwa moja, na mkulima mwenye miti mitatu hatalazimika kumkabidhi mnunuzi karatasi zake. Pale hati miliki inapokuwa bado katika jina la marehemu, sahihi za warithi wanaoishi shambani, wakiwemo wajane ambao mara nyingi ndio walioimwagilia maji miche ya miti hiyo, ziwe sharti la mauzo, ili mwana mmoja asiuze mpaka mzima mama akiwa sokoni.

Bei za wastani za miti iliyosimama na za mbao zitangazwe kila robo ya mwaka, katika ofisi za wadi na katika redio zinazosikika Ukambani, ili mkulima awe na la kusema dalali anapotaja yake. Idara ya ushirika nayo isaidie wakulima wa eneo moja kuuza pamoja, kwani lori linalojazwa na kikundi kimoja siku moja linampunguzia mnunuzi gharama za kuzunguka, na akiba hiyo inaweza kugawanywa pande zote mbili. Vikundi hivyo vinaweza pia kumiliki mashine ya meza ya kupasulia mbao, na vyuo vya ufundi vya kaunti vikawafunza mafundi wa pawa kunoa minyororo na kupanga mikato, jambo linaloonekana dogo mpaka zikumbukwe zile futi 80.

Kuhusu ushuru wa mazao, ambao wengi huuita sesi, Bunge la Kaunti linaombwa kukumbuka kwamba Kifungu cha 209 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazozitoa, na kinazikataza kutumia mamlaka yao ya kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Mbao za Machakos huvuka mipaka karibu kila siku, zikipitia Mavoko kwenda Nairobi au Matuu kwenda Thika. Ada inayotozwa kwa mti uliopimwa na afisa wa kaunti ina huduma nyuma yake. Inayotozwa kwenye kizuizi cha barabara kwa mti ambao hakuna afisa aliyewahi kuuona haina, na ingefaa ifutwe.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba bei nzuri itawafanya watu wakate miti yote. Hoja hiyo inastahili jibu, maana nchi ina lengo la miti kufunika asilimia 30 ya eneo lake ifikapo mwaka 2032, ilhali tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilionyesha kiwango cha asilimia 12.13. Kwa miti ya kupandwa, historia ya Machakos yenyewe iliyotajwa hapo juu inaonyesha kwamba mashamba yalipata miti zaidi wakati wenye mashamba walipoiona kama mali. Kwa miti ya asili inayokua polepole, hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa: muhugu na mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na msandali, ambao uvunaji wake ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais mwaka 2007, bado huchimbuliwa hadi mizizi na kusafirishwa kwa siri. Hati ya mauzo inayotaja aina ya kila mti ingekuwa kinga bora zaidi dhidi ya biashara hiyo kuliko vizuizi vya barabarani, kwa kuwa humtambua mwuzaji, shamba na mti kabla gogo halijapakiwa, na msandali usioweza kuandikwa katika hati hautaweza kupata kibali.

Gharama ya haya yote ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kugawa miche bure kila msimu wa mvua, zoezi ambalo hupigwa picha nyingi na kufuatiliwa mara chache. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya wananchi ili watoe maoni yao. Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi wanaombwa watenge katika bajeti ijayo fungu la upimaji wa miti, hata kama ni kwa wadi chache za majaribio katika Mwala, Yatta na Kangundo. Nao wenye miti wanaombwa wafike katika vikao hivyo vya maoni, na kabla ya hapo, wasikubali bei ya mti wowote ambao haujazungushiwa futikamba mbele ya macho yao.